Tathmini ya matone ya lanosteroli yanayouzwa kama tiba ya mtoto wa jicho

Chupa ninayoitathmini ni ya mililita 5. Shangazi yangu aliagiza matone hayo mtandaoni baada ya daktari kumwambia kwamba ana mtoto wa jicho na kwamba tiba yake ni upasuaji. Muuzaji anadai kuwa yanayeyusha ukungu wa lenzi ya jicho bila kisu. Lebo inataja lanosteroli, lakini haisemi imo kwa kiasi gani, wala haina namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania. Chupa ikiachwa itulie usiku kucha, utando mweupe hutuama chini, na lanosteroli kwa kweli haiyeyuki katika maji.

Hata hivyo, jina hilo halikuokotwa tu. Lanosteroli ni mojawapo ya hatua ambazo mwili hupitia unapotengeneza kolesteroli, na utando wa seli za lenzi una kolesteroli nyingi kupita kiasi cha kawaida mwilini, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa ndani ya lenzi yenyewe. Seli za katikati ya lenzi hazina kiini na hazibadilishwi maishani, kwa hiyo mafuta na protini zake hulazimika kudumu tangu mtu akiwa tumboni mwa mama hadi uzeeni. Kadiri mafuta hayo yanavyoharibiwa na oksijeni, na protini zinavyogandamana, mwanga hutawanyika badala ya kupita. Uhusiano huu wa kolesteroli na lenzi ulionekana pia kwa triparanol, dawa ya kushusha kolesteroli, iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 1962 kwa kuwa baadhi ya watumiaji walipata mtoto wa jicho.

Matumaini ya matone yalianza mwaka 2015, pale jarida la Nature lilipochapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa na ugonjwa huu kwa sababu ya hitilafu katika jeni ya kutengeneza lanosteroli. Watafiti waliripoti pia kwamba lenzi za mbwa zilipungua ukungu. Lakini wauzaji hawasemi kwamba mbwa hao, pamoja na kutiwa matone, walidungwa sindano ndani ya jicho. Mwaka huohuo madaktari wa India waliloweka katika lanosteroli sehemu ngumu za katikati ya lenzi zilizotolewa kwa wagonjwa, na hazikusafika. Mwaka 2019 jaribio jingine, la lenzi za panya, nalo halikurudisha uangavu. Ikiwa lenzi iliyolowekwa moja kwa moja haikubadilika, sioni tone lililowekwa juu ya konea (utando angavu wa mbele ya jicho), ambalo sehemu yake kubwa huoshwa na machozi, litafanya nini.

Kwa hiyo siwezi kuipendekeza bidhaa hii kwa mtu yeyote, na kinachoniudhi zaidi ya fedha zilizopotea ni muda. Mtoto wa jicho akiachwa akomae kupita kiasi, lenzi huweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho, na uoni unaopotea kwa presha haurudi. Upasuaji wa kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia kwa kawaida huchukua chini ya saa moja, mgonjwa akiwa macho baada ya kutiwa ganzi, na hufanyika hapa nchini katika hospitali kadhaa, zikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Shangazi ameacha matone na amekwisha kupangiwa tarehe ya jicho la kwanza.