Kitabu cha mtumba karibu na Ngome ya Lamu

Kwa shilingi 300 nimepata kitabu cha Henry wa Nne wa Uingereza, kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na ngome. "Chukua, mwalimu, hiki kilikuwa kikikungoja," akaniambia kijana muuzaji. Nimekisoma barazani siku tatu.

Mfalme Richard wa Pili alimfukuza Henry nchini mwaka 1398, na baba yake alipofariki akamnyang'anya urithi. Hapo Richard aliharibu: kila mwenye ardhi akaanza kuhofia yake. Henry alirudi 1399, Richard akiwa Ayalandi, akisema amefuata mirathi yake tu. Oktoba akavikwa taji. Sisi tulioona ndugu wakigombania shamba la minazi tunaielewa sura hii vizuri mno.

Kuubakiza ufalme kulimtoa jasho. Jamaa wa Percy, ukoo wa makabaila wa kaskazini mwa Uingereza waliomuunga mkono, ndio walioasi. Akapigana nao karibu na mji wa Shrewsbury 1403, na mwanawe akachomwa mshale usoni. Alifariki 1413, mwana huyo akarithi.

Gundi imeachia kwa chumvi ya bahari, ramani imechanika. Kijana, tafadhali vifunike vitabu. Nendeni baada ya alasiri, jua likipungua.