Jigi za wolai: tazama tundu kwanza, rangi baadaye

Kila Mei, msimu wa wolai, samaki wa maji baridi, ukifunguliwa katika jimbo la Minnesota, Marekani, lalamiko la wavuvi wapya ni lile lile: "Nikivuta natoa shada la majani, samaki sioni." Wanalaumu mshipi, wanalaumu chambo, wengine wanahama kutoka jigi ya kijani kwenda ya waridi na kurudi tena. Mkosaji ni tundu la kufungia mshipi, na mahali lilipokaa kichwani.

Jigi, kwa asiyeijua, ni ndoana iliyovishwa chubwi shingoni, kwa kawaida ya madini ya risasi. Zile za kichwa cha mviringo, ndizo nyingi dukani, tundu lake limesimama utosini. Ukiivuta majanini, ile pembe kati ya mshipi na paji la risasi inageuka uma: kila unyasi unakwama hapo. Tundu likiwa puani, mshipi na kichwa huwa mstari mmoja na jani linateleza pembeni.

Kwa hiyo majanini nambari moja ni kichwa kilichochongoka kama risasi ya bunduki, tundu puani. Chukua aunsi 1/8 (gramu 3.5), au 1/16 maji yakiwa chini ya mita moja na nusu. Funga fundo la kubana kabisa. La kitanzi hunasa majani hata kwenye jigi nzuri. Tambua pia majani yenyewe. Yale mapana ambayo wenyeji huyaita kabichi hukatika vizuri ukitikisa fimbo kwa nguvu, na mara nyingi wolai hudaka jigi ikishachomoka tu. Mengine laini kama mkia wa rakuni hayakatiki, hujizonga. Usiingie, pita ukingoni mwake.

Nambari mbili ni kichwa cha uyoga. Mgongo wake bapa unabanana na mnyoo wa plastiki bila kuacha mwanya, kwa hiyo majani hayana pa kushika nyuma. Tundu lake mara nyingi liko juu, ndiyo maana haikupata nafasi ya kwanza.

Jigi zenye burashi ya kukinga ndoana isinase majani naziweka mwisho. Wolai hafyatui chambo kama mtego, hukifyonza, na burashi ngumu humzuia asishikwe. Ukishainunua, kata karibu nusu ya nyuzi, zilizobaki zipite ncha ya ndoana kidogo tu.

Mtoni mambo yanapinduka: tundu la juu ndilo unalolitaka. Kwenye mto Mississippi karibu na Red Wing, au mto Detroit, unavua mshipi ukiwa wima chini ya mashua, na tundu la utosini huifanya jigi ilale sambamba na sakafu kama samaki mdogo. Angalia fundo kila ukishatoa samaki. Likiteleza mbele, jigi inaning'inia mkia chini na wolai anaipuuza.

Hapa sifichi upendeleo: jigi ya Fire-Ball ya Northland, kampuni ya Bemidji, Minnesota. Shina fupi la ndoana yake na mdomo mpana vinamshika samaki wa chambo hai karibu na kichwa, na ina tundu la pili la kuunganisha ndoana ya nyuma kwa wale wolai wanaong'ata mkia na kuondoka. Kwa plastiki ya inchi 3 au 4 haifai. Hapo tafuta shina refu lenye kishikio cha waya, ndoana ya saizi 1/0 hadi 3/0.

Uzito unaofaa ni ule mdogo kabisa unaokuwezesha kuhisi chini huku mshipi ukiwa wima. Mashua ikienda na mkondo katika mita tatu, aunsi 1/4 mara nyingi inatosha. Mto Detroit una nguvu. Beba 1/2 hadi 3/4. Vichwa bapa viache, mkondo huvipeperusha kama kishada.

Zile za bei ya chini za mafungu makubwa zinafaa pale unapojua utapoteza nyingi kwenye mawe. Basi.

Wauzaji nao! Wanapanga ukuta mzima kwa rangi, pakiti imeandikwa uzito kwa herufi kubwa, unene wa waya hakuna. Waya mwembamba una faida mtoni, kwa sababu ukinasa kwenye gogo, mshipi wa kusuka wa pauni 10 au 15 unaweza kuinyoosha ndoana na jigi ikarudi. Utajuaje wakati umefungwa ndani ya plastiki? Tangisteni, metali nzito ambayo kwa uzito uleule kichwa chake ni kidogo kuliko cha risasi, wanaiuza kama kito. Lakini katika jimbo la New Hampshire huna hiari: jigi za risasi za aunsi 1 kushuka chini zimepigwa marufuku, maana ndege wapiga mbizi huzimeza na kufa.

Na ghali au rahisi, nyingi zinauzwa tundu limezibwa na rangi. Beba sindano nene ya kuzibulia. Ukitumia ncha ya jigi nyingine umeitia butu, na rangi inayobaki yenye ncha kali hukwaruza mshipi hapo kwenye fundo.