Unaanza kuuza kwa kamisheni ukiwa Tanga? Njia nne za kulipia upate wateja, kuanzia inayofaa hadi ya kuepuka

Kijana wa Ngamiani akianza kusambaza linki za bidhaa za watu ili alipwe kamisheni, hachelewi kufuatwa na jamaa wa Telegram: "Nina namba elfu moja za wateja, safi kabisa, nakupa bei ya kutupa." Kati ya njia nne za kulipia upate wateja, hiyo nimeiweka ya mwisho. Kipimo changu ni kimoja tu: mtu huyu kauliza mwenyewe kuhusu bidhaa, au kafuatwa? Bei ya namba moja isikubabaishe. Gawanya gharama yote kwa idadi ya waliolipa.

Ya kwanza ni tangazo la Facebook au Instagram linalofungua WhatsApp. Kila mtu anakugharimu zaidi, lakini anayeingia kaandika mwenyewe "bei gani?" Tuseme unauza sola kwa kamisheni ya Sh 15,000. Tangazo la Sh 30,000 likileta watu 15, watatu wakanunua, una Sh 45,000. Namba elfu moja ulizonunua zote kwa Sh 20,000 zisipotoa hata mmoja, hiyo rahisi ndiyo ghali.

Linaloharibu tangazo hili mara nyingi ni eneo unalochagua lionekane. Ukiweka duara la kilomita 80 kutoka mjini, linavuka Horohoro na kuingia Kenya, na upande wa bahari linafika Pemba. Utashinda unajibu watu wa Wete wakati mwenye mzigo anapeleka Muheza na Pangani tu. Weka maduara madogo, kila mji lake. Halafu andika bei kwenye tangazo lenyewe. Watakaouliza watapungua, na waliopungua hawakuwa wateja.

Ya pili, kulipia nafasi kwenye ukurasa wa mtu wa hapa hapa mwenye wafuasi. Usihesabu wafuasi, soma maoni. Kuna anayeuliza "mnafika Makorora?" au ni vikopa vitupu? Na ukurasa wa mashabiki wa Coastal Union, hata ujae vipi, watu wamefuata mpira. Mwenye ukurasa mpe linki ya peke yake, usiyoitumia kwingine, ili mibofyo inayotoka kwake uihesabu mwenyewe. Kwa wenye linki za Amazon hili lina uzito zaidi: mbofyo unahesabika kwa saa 24 tu, na usipopata mauzo matatu ndani ya siku 180 za mwanzo unaondolewa. Wadadisi hawatakuvusha hapo.

Ya tatu ni fomu za Facebook, zile za ndani ya tangazo ambazo mtu anaacha jina na namba yake umpigie. Ni nafuu, ila jina na namba hujijaza zenyewe, mtu anagusa mara mbili tatu kamaliza. Kesho ukimpigia: "Mie? Sijajaza kitu." Ukizitumia, chagua aina inayomtaka ahakiki kabla ya kutuma, na ongeza swali la kuandika kwa mkono, mfano "Nyumbani una umeme wa TANESCO?" Piga simu siku hiyo hiyo.

Ya mwisho, namba za kwenye faili. Kabla ya kulipa, omba ishirini za majaribio na uzipange kwa mfuatano. Ukiona zinazoishia 41, 42, 43, hakuna mteja hapo, kompyuta imezitunga. Hata zikiwa za watu kweli, ukiwatumia ujumbe wasiouomba watakuripoti, WhatsApp itafunga laini yako, na wateja wako wa halali watapotea nayo. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023: taarifa za mtu haziuzwi kama dagaa. Muuzaji akisema wote waliridhia, mwambie akuonyeshe fomu waliyojaza na tarehe. Akikujibu kwamba hiyo ni siri ya biashara, pesa yako ibaki mfukoni.