PHQ-9 ya Kiswahili: maswali tisa mkononi mwa rafiki

Karatasi ni moja na bei yake ni ya kutoa fotokopi. PHQ-9 ni dodoso la kupima dalili za sonona. Lilitungwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, likachapishwa mwaka 2001, na halihitaji kibali wala malipo. Tafsiri zake za Kiswahili zinatumika Kenya na Tanzania. Hapa tunalipima kwa kazi ambayo haikuwa lengo lake la kwanza: rafiki ameketi na mwenzake anayezidi kujifungia ndani, na hajui aanzie wapi.

Kila swali linataka kujua jambo fulani limemsumbua mtu kwa kiasi gani katika wiki mbili zilizopita. Mambo yenyewe ni kukosa hamu, huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, kula, kujiona hafai, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, na la tisa, mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapana kabisa ni 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla haizidi 27. Kuanzia 5 dalili ni ndogo, 10 ni za wastani, 15 zinaelekea ukali, 20 ni kali. Kwa kawaida 10 ndiyo alama ya kwenda kuonana na mtaalamu. Chini kabisa kuna swali lisilo na alama: haya yote yamekutatiza kiasi gani kazini, nyumbani na kwa watu? Wengi huliruka, nalo ni la maana sana. Mwenye 9 ambaye hajafungua duka lake wiki nzima ana shida kubwa kuliko mwenye 12 anayeendelea na shughuli zake.

Uzuri wa kwanza ni hizo wiki mbili, kwa sababu zinatenganisha sonona na siku mbaya. Uzuri wa pili ni kwamba dodoso linampa rafiki maneno. Ukimuuliza mtu "vipi?" atakujibu "poa" hata akiwa anazama. Muulize usingizi unamjia saa ngapi, na kama huamka saa tisa usiku asirudi tena kulala, na utasikia jibu jingine.

Kasoro zipo, na nyingine ni nzito. Maswali ya usingizi, uchovu na chakula hayajui kutofautisha sonona na malaria, upungufu wa damu, ujauzito, matatizo ya tezi ya shingo au zamu za usiku. Mama wa mtoto mchanga anaweza kukusanya alama 6 kwa kunyonyesha tu. Ndiyo maana inafaa kutazama kwanza maswali mawili ya mwanzo, hamu na huzuni. Yakijumlishwa yakafika 3 kati ya 6, endelea na mengine kwa makini. Yakiwa 0 na jumla bado ni kubwa, apimwe mwili kwanza. Pia dodoso haliulizi kama amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kulala kwa muda wa saa mbili tu bila kuchoka na kutapanya pesa. Ukijua historia hiyo, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, kwani dawa za sonona peke yake zinaweza kuuamsha upande huo.

Jingine ni la lugha. Kwetu mtu hasemi ana huzuni. Husema ana mawazo, kichwa kinawaka, moyo unamwenda mbio, kifua kizito. PHQ-9 haina swali hata moja la mawazo mengi. Wazimbabwe walilitatua hili zamani: dodoso lao la Kishona lenye maswali 14, linalotumiwa na mabibi wa Friendship Bench, mradi wa ushauri nasaha ulioanzishwa Harare na Dixon Chibanda mwaka 2006, linauliza waziwazi kuhusu kufikiri kupita kiasi. Kwa hiyo anza na hayo mawazo, ndipo uingie kwenye karatasi.

Maswali mengine yamebeba mawili ndani ya moja, kama kukosa usingizi au kulala mno. Msikilizaji hujibu la kwanza na kulisahau la pili, basi yatenganishe. "Zaidi ya nusu ya siku" nayo huwakwamisha wengi. Muulize wiki iliyopita siku ngapi, na ile ya kabla yake siku ngapi, kisha ujumlishe mwenyewe baadaye. Usihesabu alama mbele yake kama mwalimu anayesahihisha mtihani, wala usimtangazie kwamba ana sonona. Dodoso linachuja tu, kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu. Na kosa linaloliharibu kuliko yote ni kutuma picha yake WhatsApp na maneno "jaza hii". Keti naye, wawili tu, mbali na masikio ya nyumbani.

Sasa swali la tisa. Kabla ya kulifikia, usiwe umeahidi kutunza siri ya kila kitu. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua, kunyamaza ndiko kunakomwacha nalo peke yake. Uliza bila kuzungukazunguka: "Ndugu yangu, mtu akielemewa hivi hufika mahali akaona heri afe. Wiki hizi mbili wewe umefika hapo?" Jibu lolote lililo juu ya 0 ni la kufuatilia papo hapo, hata jumla ikiwa ni 4. Amefikiria namna ya kufanya? Kitu chenyewe anacho? Amepanga lini? Akiwa na mpango au kitu cha kutumia, asiachwe peke yake. Dawa za shambani, sumu ya panya na vidonge vilivyobaki vitolewe nyumbani, na siku hiyohiyo apelekwe idara ya dharura ya hospitali. Kenya, laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Bila hatari ya namna hiyo, jumla ikifika 10, mpangie siku na umsindikize. Mtu mwenye sonona akiambiwa "nenda hospitali" haendi, kwa sababu kukosa nguvu ya kwenda ndiyo sehemu ya ugonjwa. Beba karatasi, na uandike nyuma dalili zilianza mwezi gani, dawa anazotumia na kiasi cha pombe. Akipewa dawa za sonona kama fluoxetine au amitriptyline, ajue kwamba kinywa kukauka, kichefuchefu au usingizi hutangulia, na nafuu hufuata baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Wengi huacha dawa katika pengo hilo, na hapo ndipo simu zako za jioni zinapohitajika. Amitriptyline ikimezwa nyingi kwa mara moja ni hatari kwa moyo, basi pakiti ikae kwa mtu mwingine na apewe dozi za siku chache.

Rudia dodoso baada ya wiki mbili. Ukilirudia kila siku chache utakuwa unahesabu siku zilezile mara mbili. Kushuka kwa alama 2 hakusemi mengi, kushuka kwa 5 ni mabadiliko ya kweli. Na swali la tisa likipanda huku mengine yakishuka, rudini kwa daktari siku hiyo, msingoje miadi.