Huduma ya fundi wa kompyuta, Barabara ya Digo: faili la mfumo lahaririwa bila kuvunjwa ulinzi

Ofisi yetu ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa hutunza stakabadhi katika seva ya ndani, na ili kompyuta iitambue seva hiyo kwa jina, mstari mmoja wenye anwani yake huandikwa katika faili la hosts, lililomo kwenye folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Mhasibu wetu alipojaribu kuuandika, Notepad, programu ya kuandikia maandishi ya Windows, ilikataa kuhifadhi kwa madai kwamba hana ruhusa, ingawa akaunti yake ni ya msimamizi. Tuliipeleka kompyuta hiyo kwenye duka la ufundi lililo karibu na Barabara ya Digo.

Fundi hakuzigusa kabisa ruhusa za faili. Alieleza kwamba tangu Windows Vista, hata msimamizi hufanya kazi za kawaida kwa uwezo uliopunguzwa, na programu hupewa uwezo kamili pale tu mwenyewe anapoidhinisha. Kwa hiyo aliitafuta Notepad, akaibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kuiendesha kama msimamizi na kulikubali onyo lililojitokeza, ndipo akalifungua faili kutoka ndani ya programu hiyo, akitaka aonyeshwe mafaili ya aina zote kwa sababu hosts halina kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina kama .txt. Alipomaliza alihakikisha kwamba halikuhifadhiwa kwa jina la hosts.txt, kwani Windows isingelisoma.

Hapo ndipo ninapompa sifa kubwa. Duka jingine tulilouliza awali lilipendekeza kila mtumiaji apewe mamlaka kamili juu ya folda nzima. Njia hiyo ingeliondoa kosa papo hapo, lakini pia ingeiruhusu programu yoyote hasidi kulielekeza jina la tovuti ya benki yetu kwenye anwani nyingine bila mtu yeyote kuulizwa, na kwa ofisi inayolipa ushuru wa wateja kila siku, hatari hiyo si ndogo hata kidogo.

Kompyuta yetu inayotumia Ubuntu, mfumo wa Linux, aliimaliza upesi kwa kuhariri faili lake la hosts, /etc/hosts, kupitia sudo, amri inayoendesha kazi kwa uwezo wa msimamizi, akatusihi tusikubali kamwe kutumia chmod 777, amri inayompa kila mtumiaji ruhusa zote juu ya faili.

Bei haikubandikwa popote, lazima uulize. Ningependa pia duka liwaandikie wateja hatua zilizofuatwa, maana mhasibu alizinukuu mwenyewe akiwa amesimama kaunta.