Uzoefu wangu na programu ya kufuatilia matengenezo ya ndege: saa zilikuwa zinaisha, yenyewe kimya

Mimi ni mpangaji wa matengenezo katika kampuni ndogo ya ndege za watalii hapa Arusha, na kazi yangu ni kuhakikisha hakuna ndege inayopitiliza ukomo wake wa ukaguzi. Bei ya programu hii na sifa zake muuzaji atawaeleza mwenyewe. Mimi nitaeleza jioni moja ya msimu uliopita wa nyumbu, kwa sababu hasira yake haijanitoka hadi leo.

Ukaguzi wa Cessna 206 yetu hufanywa kila saa 100 za kuruka au kila miezi 12, lolote litakalotangulia. Nilikuwa nimeiwekea programu initahadharishe zikibaki saa 20 au siku 30, ili niwahi kuagiza filta na plagi na kutenga nafasi katika hanga, maana spea zikichelewa ndege hukaa chini na wateja wamekwisha kulipa. Jioni hiyo fundi mkuu, ambaye hajawahi kuacha kupitia vitabu vya ndege kwa mkono, alipiga mstari wa kalamu chini ya jumla ya saa 96 akaniita niione. Kwenye kompyuta yangu ndege ileile ilikuwa ya kijani, bila hata alama ya njano, na kesho yake ilipangiwa kwenda na kurudi Kogatende, huko Serengeti, mara mbili. Programu ilikuwa ikisubiri masharti yote mawili yatimie kwa pamoja, saa na tarehe, ilhali tarehe ilikuwa imebakiza miezi mingi. Tuliifuta safari, tukawahamishia abiria kampuni nyingine kwa gharama yetu.

Hayo ningeyasamehe. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyepokea hakunisikiliza hadi mwisho. "Kaka, si mna saa 10 za nyongeza? Na ndege si haijaanguka?" Maneno hayo yanatoka kwa mtu anayeuza vifaa vya usalama wa anga! Hizo saa 10 anazozisema zimo katika kanuni za Marekani, na hata huko ni za kuifikisha ndege mahali itakapokaguliwa tu, kisha hukatwa katika saa 100 zinazofuata. Hazikuwekwa ili watalii wazungushwe Serengeti. Sisi tunafuata mpango wa matengenezo ulioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mkaguzi akija hatamuuliza kijana yule, ataniuliza mimi.

Baadaye walinielekeza niandike kila ukaguzi mara mbili, mmoja wa saa na mwingine wa tarehe. Inafanya kazi, nakiri. Ila kazi ikikamilika ni lazima uzifunge rekodi zote mbili, ukisahau moja inaendelea kuhesabu kutoka mahali pa zamani, na hapo una tarehe ya mwisho ya uongo ndani ya mfumo. Isitoshe, saa haziongezeki mpaka mtu aziingize, kwa hiyo ndege ikilala Seronera ninachokiona ofisini ni hesabu ya jana.

Kwa haki, historia ya spea inaitunza vizuri sana. Nikitaka kujua propela fulani ilifungwa lini na ikiwa na saa ngapi, naipata mara moja. Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba mwenye ndege moja inaweza kumfaa. Hapana, naifuta kauli hiyo. Mwenye ndege moja ndiye asiye na ndege ya akiba, na tahadhari isipolia yeye ndiye atakayeumia kuliko sisi.

Atakayeamua kuinunua hata hivyo, asilipe kabla muuzaji hajamwandikia mbele yake ukaguzi mmoja wa saa 100 au miezi 12, wenye tahadhari ya saa 20 au siku 30, kisha apandishe saa hadi 81 bila kugusa tarehe. Rangi isipobadilika hapo hapo, arudi na fedha zake.