Eti plamsi ndiyo iliyonifelisha breki

Naandika hii nikiwa nimeshakunywa chai na kutulia. Jana nilianza nikafuta yote, maneno yalikuwa hayafai kusomwa na watoto.

Kisa ni gereji moja hapa Dar, zile gereji zenye sakafu inayong'aa na dada wa mapokezi anayekuuliza kama utapenda kahawa. Jina nalihifadhi. Nilipeleka gari kwao siku chache kabla ya kwenda kumchukua mama Lushoto, nikawaambia wazi kabisa: naenda mlimani, nikagulieni breki. Nikalipa. Kwenye risiti kuna mstari wa "kubadilisha oili ya breki" na mwingine wa "ukaguzi wa breki". Risiti hiyo sasa inakaa kwenye pochi karibu na leseni, na kila anayeniuliza habari za safari naitoa.

Kwenda, hakuna neno. Kurudi ndiyo. Anayeijua barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo anajua haina utani, kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, huku mlima, kule korongo. Nyuma yuko mama, gunia la viazi, na ndoo mbili za plamsi, maana mama hawezi kupita Soni bila kushusha kioo na kuanza kubishana bei. Tumeshaiacha Soni, naingia kona, nakanyaga breki. Pedali ikazama. Haikulia, haikugoma, ilizama tu hadi chini kama nimekanyaga mto wa kulalia. Nikapampu, mara mbili, mara tatu. Hamna.

Nikarudisha gia kwenye L, ile gia ya chini inayolizuia gari kwa injini, injini ikapiga yowe, nikawa navuta hendibreki kidogo kidogo huku nikiliegemeza gari upande wa mlima. Likasugua udongo, likasugua mawe, likasimama na tairi moja ndani ya mtaro. Mama alikuwa kwenye Ayatul Kursi ya sijui ya ngapi. Ndoo moja ilipinduka, plamsi zikatapakaa gari zima. Hizo plamsi zikumbukeni.

Kijana wa bodaboda akatuwekea jiwe nyuma ya tairi, jingine mbele, na pole juu yake. Magurudumu yananuka kuungua. Tukakaa pale kama nusu saa, mama anakula plamsi zake kana kwamba tuko pikiniki, kisha nikaingia kujaribu pedali. Imerudi! Iko juu, ngumu, kama si ile. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kitu kikifa unajua kimefa, lakini hiki kilikuwa kimeondoka na kurudi chenyewe, nami nilitakiwa nikiamini hadi chini.

Tulifika Mombo kwa mwendo wa maharusi. Kuna mzee mmoja fundi, gereji yake ni kivuli cha mti na kipande cha turubai. Alifungua boneti, akafungua kifuniko cha oili ya breki, akachovya kidole na kunionyesha. Nyeusi, kama kahawa ya kijiweni.

"Mwanangu, hii umebadilisha lini?"

"Mwezi huu huu."

Akacheka mpaka akashika kiuno.

Akanieleza kwamba oili ya breki hunywa unyevu wa hewani pole pole, miaka inavyokwenda. (Nimekuja kusoma baadaye: DOT 3, aina mojawapo ya oili ya breki, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie hadi nyuzi 205, lakini ikishanywa maji inaweza kuchemka hata kwenye 140.) Ukishuka mlima mguu uko kwenye breki, joto linapanda, oili inachemka, inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Kwa hiyo unakanyaga mvuke, magurudumu hayana habari. Vikipoa, pedali inapanda tena, na kila fundi utakayempelekea gari atakwambia ni zima.

"Ulikuwa gia gani?"

"D."

Hakusema kitu. Aliniangalia tu, akaenda kuchukua spana. Haya, hapo nina langu, sikatai. D ni gia ya kawaida, mteremkoni hailishiki gari kama L, kwa hiyo tangu Lushoto nilikuwa naning'inia kwenye breki kama abiria wa daladala.

Akaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lile la mbali kuliko yote, mimi nikiwa kwenye pedali. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Magurudumu yote manne. Nilimuona akiikamua ile takataka kwenye chupa ya maji hadi ikaja nyepesi, ya rangi ya asali changa. Elfu 20 na chai.

Sasa gereji ya sakafu inayong'aa. Nikaenda na risiti, na ile chupa, na mdogo wangu wa kiume wa kunisindikiza. Akatoka kaka mmoja mwenye fulana ya kola na kishikwambi mkononi. Namweleza, anaitikia, lakini anamwangalia mdogo wangu, ambaye hata leseni hana! Akaendesha gari raundi mbili pale uwanjani, palipo bapa kama meza. "Gari yako haina shida, mama." Kisha akainama mlangoni, akapekua chini ya kapeti, akaibuka na plamsi iliyopondeka, ameishika kwa vidole viwili kama askari aliyekamata bangi.

"Hii hapa. Iliingia chini ya pedali."

Ilikuwa upande wa abiria! Chini ya kapeti la abiria! Nikamuonyesha chupa, akasema inaweza kuwa ya gari lolote. Hapo, nikiri, alikuwa na hoja: nilishabadilisha oili kabla hawajaiona. Nikasema basi huenda namwonea, labda walibadilisha vibaya, binadamu hukosea, na kweli nilishuka na D. Lakini akamalizia, tena mbele ya wateja wenye vikombe vyao vya kahawa: "Breki hazifeli hivi hivi. Mara nyingi ni hofu ya dereva." Hofu ya dereva, kwa mtu aliyelisimamisha gari bila breki akiwa na mama yake nyuma! Na stika yangu ya Nenda kwa Usalama ipo pale kwenye kioo inanitazama.

Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota 2, moja ya kahawa na moja ya kiyoyozi, ambacho waliwahi kunitengenezea kikakaa sawa. Kisha natoka getini, dogo mmoja wa kuosha magari akajifanya anafuta kioo changu. "Mama, usinitaje. Siku ile hili gari halikupandishwa hata jeki."

Nyota 0. Kama mfumo unalazimisha moja, hiyo moja ni ya dogo.

Jana wamenitumia ujumbe wa pole na ofa ya kuoshewa gari bure, ndani na nje. Nimewajibu kwamba ndani kuna plamsi nyingine mbili sijazipata, wakiziona waniwekee.

Kiyoyozi bado kinapuliza vizuri, lakini.